Semina Tatu na Ngamia Mmoja

Jumatatu, 12 Januari

Bango limebandikwa. Semina tatu wiki ijayo, ukumbi mkubwa wa chuo. Jumanne saikolojia: Sabirin. Jumatano sayansi ya ubongo: Daktari Rukiyo, mgeni kutoka Nairobi. Alhamisi uchumi: mimi, Hamze, mhadhiri wa mkataba. Mkataba wenyewe unaisha tarehe 31 mwezi huu. Wa Sabirin pia.

Mkuu wa kitivo, Daktari Maalim Abdinur, alituita wawili ofisini na kutueleza kwamba nafasi ya kudumu ni moja tu. Atakayewavuta watu wa mjini, si wanafunzi wanaokimbia jua, ataipata. Sabirin akatabasamu. Mimi nikatabasamu zaidi. Taya linaniuma mpaka sasa.

Mwaka jana semina yangu ilikuwa na watu wanne. Mmoja alikuwa fundi, amekuja kutengeneza feni. Hata hivyo alikaa mpaka mwisho, maana feni ilimshinda.

Adeer Shuaib, ndugu wa marehemu baba, amepiga simu kutoka Habaswein. Ana duka la vifaa vya ujenzi na ameshanitengea kiti nyuma ya kaunta. Anasema mtu anayeuza misumari haulizwi mkataba wake unaisha lini. Miaka sita ya chuo kikuu, halafu misumari! Sitaki. Nitafanya lolote nisikae kwenye kiti kile.

Nimemwonyesha mke wangu Ramlo mada yangu: "Mienendo ya Bei katika Masoko Yasiyo Rasmi: Mtazamo wa Kinadharia." Akasoma polepole. Akauliza nani amefariki.

(Shajara hii naiandika kwa Kiswahili sanifu. Nyumbani kwetu hakuna anayekisoma kwa hiari yake. Siri zangu ziko salama.)

Jumanne, 13 Januari

Nimechungulia mada ya Sabirin. "Kwa Nini Tunanunua Tusivyohitaji." Maneno manne! Hata mimi nilitaka kwenda.

Hatua lazima ichukuliwe. Kwa bahati, mwandishi wa ratiba za kitivo ni mimi. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu kila mtu aliikataa. Leo imezaa matunda. Nimeihamisha saikolojia kutoka Jumanne hadi Ijumaa tarehe 23, saa sita na nusu mchana. Saa ya sala ya Ijumaa! Mji mzima wa Garissa hufunga maduka. Sabirin atahutubia viti.

Daktari Maalim alitia sahihi bila kusoma, mkono mmoja kwenye karatasi, mwingine kwenye kikombe cha chai. Nilimwambia ratiba imebana. Nilirudi mezani nikijisikia waziri.

Jumatano, 14 Januari

Sijui nianzie wapi.

Leo ni siku ya soko la mifugo. Wazo langu lilikuwa zuri: nimlete dalali wa kweli jukwaani Alhamisi ya semina yangu, aonyeshe bei inavyopangwa, watu wa sokoni wamfuate, ukumbi ujae. Nikaenda asubuhi na mapema, viatu vimepigwa rangi, kalamu mbili mfukoni.

Madalali wetu hawatangazi bei. Wawili hushikana mkono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema. Kidole hiki ni kiasi hiki, kiganja chote ni kiasi kile. Aliyesimama hatua moja pembeni haambulii kitu. Nimeandika makala tatu kuhusu jambo hili. Ya tatu ina mchoro. Mkono wangu wenyewe ulikuwa haujawahi kuingia chini ya shuka la mtu yeyote.

Nikamkuta Yahye, dalali mwenye ndevu za hina, amesimama na ngamia jike. Nikatoa salamu. Akaitikia, akaninyoshea mkono, shuka la begani likaufunika. Nikadhani ananisalimia. Nikaukamata kiganja chote, nikautikisa kwa furaha, nikaukaza kidogo, kama ninavyowapokea wageni wa chuo. Akaniangalia kwa mshangao. Akabonyeza. Mimi ni mtu wa adabu, nikabonyeza. Akabonyeza tena. Nikabonyeza tena, kwa moyo wote. Akanipiga kiganjani, na watu watatu nyuma yangu wakasema mashallah.

Nimenunua ngamia.

Mgeni angesamehewa. Mzungu angesamehewa. Hata Msomali aliyezaliwa Nairobi angechekwa kidogo na kurudishiwa mkono wake. Lakini mimi ni mtoto wa marehemu Keinan wa Habaswein, aliyeuza ngamia maisha yake yote. Sura ni yake, ndevu ninazo. Nani ataamini sijui vidole? Ningesema tu neno moja: sijui. Badala yake nilikohoa, nikamzunguka ngamia mara moja kama mtaalamu, nikauliza kamba iko wapi.

Nikalipa kwa simu. Ile ilikuwa akiba ya friji ya Ramlo.

Alhamisi, 15 Januari

Ngamia yuko uani. Ni mzee, hana maziwa, na ananidharau. Amekula hina ya jirani na mabango yangu mawili ya semina. Ndiye wa kwanza kuimaliza mada yangu.

Ramlo ni mtoto wa wafugaji wa Kotile. Alimtazama ngamia kwa muda mrefu, akamshika mdomo, akamhesabu meno, kisha akanigeukia.

"Hamze," akasema, "friji hii ina miguu mirefu."

Nikamwambia ni utafiti. Nikatumia neno data. Akauliza data inakula nini na nani ataikatia majani. Nikasema hayo yako kwenye sura ya mapendekezo. Chakula cha mchana sikupewa.

Ijumaa, 16 Januari

Pigo. Sabirin amekuja ofisini kwangu. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikashika faili ili nionekane na kazi. Hakugomba. Alinishukuru! Amesema saa ile imemfungua akili: ameongea na kamati ya msikiti ulio jirani na chuo, na atafanya semina yake mara tu baada ya sala, uani, chini ya turubai, wanaume huku na wanawake kule. Watu watakuwa wameshafika. Hana haja ya kumwita mtu.

Nimempa umati wa Ijumaa. Kwa mkono wangu. Kwa muhuri wa kitivo.

Akaniuliza, kwa upole, kama ni kweli nimeanza kufuga. Nikasema kidogo kidogo.

Jioni nikampigia Daktari Rukiyo, yule mgeni wa ubongo. Ana kofia yenye nyaya inayosoma umeme wa kichwani mtu anapochagua kitu. Nikamwomba kofia hiyo aje nayo kwenye semina yangu pia, tumvishe dalali akiwa anapanga bei. Akakubali mara moja. Mtu mwema sana. Akataja kwamba kwao ni Tarbaj na kwamba baba yake alikuwa dalali. Nikabadilisha mazungumzo haraka.

Jumamosi, 17 Januari

Yahye amekataa kofia. Nilimkuta akinywa chai karibu na zizi, nikamweleza kwa lugha rahisi: nyaya kidogo, haiumi, sayansi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wallahi mwalimu, hii kichwa ndio duka yangu," akasema. "Wewe unataka nifungue duka watu waingie bure?"

Kiuchumi hoja yake haina kasoro. Nilitamani kuinukuu.

Lakini jukwaani atakuja, mradi kuwe na biashara ya kweli. Hapo ndipo wazo kuu liliponijia. Ngamia atauzwa upya palepale, mbele ya ukumbi, baada ya nadharia yangu! Madalali watakuja. Wauza maziwa watakuja. Nitarudisha friji na kupata kazi siku moja. Nilimwambia Yahye atangaze soko zima. Akasema soko zima halihitaji kutangaziwa. Akacheka peke yake. Sikuelewa, lakini nikacheka naye.

Jumanne, 20 Januari

Mabango mapya yako tayari. Nimeongeza neno NGAMIA kwa herufi kubwa na kuyapunguza maneno Mtazamo wa Kinadharia mpaka yasomeke kwa miwani tu. Watu wanasimama kuyasoma. Wengine wananiangalia, wanaangalia bango, wananiangalia tena. Umaarufu una raha yake.

Saynab, mama anayeuza maziwa ya ngamia karibu na lango la chuo, ameniuliza kama mimi ndiye. Nikasema naam, ndiye mimi. Akaniombea dua ndefu.

Sabirin amesema atakuja kunisikiliza. Nikamwambia viti huenda visitoshe. Nilisema hivyo kwa sauti ya huzuni.

Jumatano, 21 Januari

Semina ya ubongo. Nilihesabu vichwa kutoka nyuma: arobaini na mmoja. Vizuri. Si wengi, na yeye hagombei nafasi yetu.

Daktari Rukiyo ni mwembamba, mtulivu, anaongea bila karatasi. Alieleza kwamba mara nyingi mtu huwa ameshaamua kabla hajajua kwamba ameamua, na kinachofuata ni kutafuta sababu. Nilikunja uso na kuandika, ili Daktari Maalim anione nikiandika. Kisha akaomba mtu mmoja wa kujitolea kuvaa kofia. Nani aliruka? Mimi. Nilikanyaga watu wawili.

Nilivishwa nyaya, nikapakwa mafuta baridi kichwani, nikaonyeshwa picha na kuambiwa nibonyeze kitufe nikishachagua. Nilibonyeza haraka ili nionekane mwerevu. Mistari ikaruka kwenye skrini. Daktari Rukiyo akaitazama, akawaambia watu kwa heshima zote kwamba jaribio moja halithibitishi kitu, ila mshiriki huyu anaamua mapema sana na kufikiri baadaye.

Daktari Maalim aliandika hilo kwenye daftari lake. Nililiona. Alilipigia mstari.

Alhamisi, 22 Januari

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Viti mia na ishirini vyote, na watu wamesimama ukutani na madirishani. Madalali na fimbo zao. Wauza maziwa safu nzima. Daktari Maalim anang'aa. Ngamia amefungwa nje mlangoni. Sabirin amepata nafasi sakafuni karibu na spika. Niliwaza: Adeer, mpe kiti hicho mtu mwingine.

Nikaanza na nadharia. Slaidi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya sita mzee mmoja akauliza, kwa adabu, ngamia anaanza saa ngapi. Nikaruka slaidi thelathini na moja.

Yahye akapanda jukwaani. Kwa kuwa alikataa kofia, Daktari Rukiyo alipendekeza avae mnunuzi. Mnunuzi wa mfano nikawa mimi tena. Nikasimama pale na nyaya kichwani, Yahye akaninyoshea mkono chini ya shuka, nikaushika. Na watu wakaanza kucheka. Kwanza nyuma. Kisha kote. Yahye mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka. Nikaendelea kubonyeza, maana sikujua la kufanya.

Saynab akasimama kati ya wauza maziwa.

"Kwani si huyu mwalimu ndio alinunua ngamia ya Yahye akifikiri ni salamu?" akauliza. "Sisi tumekuja kumuona yeye."

Soko zima lilijua. Tangu Jumatano ile ile. Ngamia yule wao walikuwa wamemwona miaka mingi. Walikuja kuniona mimi, mtoto wa Keinan, mwenye makala tatu na mchoro.

Nilitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka, ni ya zege. Nilitafuta sababu ya kutoa, utafiti, jaribio la makusudi, nilikuwa na tatu tayari mdomoni. Ndipo Sabirin akainua mkono. Hakuwa anacheka.

"Hamze," akasema, "kwa nini hukusema hujui?"

Sijui kwa nini nilijibu kweli. Labda nilikuwa nimechoka. Labda ni zile nyaya.

"Niliona aibu," nikasema. "Baba yangu aliuza ngamia miaka arobaini na hakunifundisha, kwa sababu alitaka nisome. Ningesema sijui, wangemcheka yeye. Nikaona afadhali kununua."

Kicheko kikakatika. Yahye akauachia mkono wangu, akauweka begani kwangu. Akasema alimfahamu baba. Akasema mzee yule hakuwahi kumwibia mtu kidole. Nikageukia ubao, nikajifanya nafuta kitu, na ubao ulikuwa mweupe.

Halafu mzee wa ngamia-saa-ngapi akasimama na kusema yeye kwa daktari wa macho alisema anaziona herufi zote, kwa sababu mkwewe alikuwepo, na miwani ile mpaka leo inamwangusha. Saynab akakiri ana simu kubwa asiyojua kuiwasha. Mwanafunzi wangu mmoja akakiri alijiandikisha uchumi kwa sababu aliogopa kuuliza ni kitu gani. Yuko mwaka wa tatu! Sabirin akawauliza hili, akawauliza lile, Daktari Rukiyo akaongeza la ubongo, na semina ikaenda mpaka adhuhuri. Ilikuwa semina nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Sehemu yangu ilikuwa kusimama pembeni na kofia.

Ngamia hakuuzwa ukumbini. Nilipofika nyumbani nilikuta Ramlo na Saynab wameshamalizana bei yake kwa chai, kwa maneno ya kawaida, mdomo kwa mdomo, dakika kumi. Ngamia ana mimba. Ramlo alilijua tangu siku ya kwanza. Friji inakuja, na ni kubwa kuliko ile niliyoahidi.

Ijumaa, 23 Januari

Uani mwa msikiti hapakuwa na pa kukanyaga. Sabirin aliongea kama anayeongea na majirani, na majirani wakajibu. Nilikaa nyuma. Niliona wazi, na naandika hapa ili nisijidanganye: anaiweza kazi hii kuliko mimi.

Baadaye Daktari Maalim akatuita. Nafasi ya kudumu ni ya Sabirin. Nilimpongeza na nilimaanisha, karibu yote. Nikaanza kuwaza misumari, vipimo vya misumari. Lakini Sabirin akaomba kuongeza neno. Yeye na Daktari Rukiyo wanaanzisha utafiti juu ya aibu na biashara sokoni, na wanahitaji mtu ambaye watu wa soko wanamfahamu vizuri. Miezi mitatu. Cheo: msaidizi wa utafiti. Nilipousoma mkataba niligundua kwamba kwenye ukurasa wa pili nimeorodheshwa pia kama mshiriki namba moja.

Nikamwomba radhi kwa ile ratiba. Akasema alijua siku ile ile. Yeye ni mtu wa saikolojia. Nimemwahidi, na nimejiahidi, kwamba kuanzia leo nikiwa sijui nitasema sijui, na nikiwa sina nitasema sina. Nimelala mchana huu usingizi mtamu.

Jumamosi, 24 Januari

Saa tatu asubuhi Adeer Shuaib amepiga simu. Alikuwa na wazee wenzake dukani na simu ameiweka spika. Nikawasikia wote wakinisalimia mmoja mmoja. Akauliza: je, kazi ya kudumu umeipata?

Nikavuta pumzi. Nilikuwa na jibu langu jipya tayari kabisa.

"Nimeipata, Adeer," nikasema.

Wakaniombea dua. Mmoja alilia. Ningefanyaje, nikatize dua? Nikaongeza kwamba ni mkuu wa utafiti, maana walikuwa wameshafurahi na haikuwa vizuri kuwaachia furaha nusu. Adeer akasema basi Jumatatu anakuja Garissa na wazee wawili kuiona ofisi.

Ramlo alisikia yote kutoka jikoni. Akaniuliza kwa nini nisimwambie mzee ukweli tu, mbona Alhamisi niliweza mbele ya mji mzima. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa semina, na semina imekwisha.

Isitoshe nina mpango. Jumatatu Sabirin na Daktari Rukiyo wanaondoka alfajiri kwenda Tarbaj. Ofisi mpya ya Sabirin ina meza pana, pazia, na bamba la jina mlangoni. Bamba limeshikwa kwa skrubu nne tu. Langu nimelichapisha asubuhi hii, herufi za dhahabu, na bisibisi nimeshanunua. Adeer atakaa nusu saa, atakunywa chai, ataondoka. Kitaharibika nini?